Sauti Hupewa, Uimbaji Hufunzwa: Habari za Bibi Pretty Yende

Natumaini kila mmoja wenu amekwisha kaa mahali penye mwanga wa kutosha, na karatasi hii iko mbele yake. Somo la leo ni habari za mwimbaji wa Afrika ya Kusini, Bibi Pretty Yende. Kazi yake ni kuimba opera. Katika habari zake tutatafuta jibu la swali moja: je, mwimbaji mkubwa huzaliwa, au hufunzwa?

Kabla ya kuendelea, tujifunze maneno matatu. Mwalimu ayaandike ubaoni, nanyi myasome pamoja: opera, soprano, nota.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Mchezo wa namna hii ulianza katika mji wa Florence, nchi ya Italia, karibu na mwaka 1600. Wale waliozoea taarabu wamemwona mwimbaji akisimama au akiketi mbele ya wapigaji wake, akaimba. Katika opera mwimbaji ni mwigizaji pia. Hukimbia, hupiga magoti, hugombana, pengine hata hufa mbele ya watu, na yote hayo huyafanya huku akiimba.

Soprano ni sauti ya juu kabisa ya mwanamke. Wanakwaya wetu huiita sauti ya kwanza. Bibi Yende ni soprano.

Nota ni alama za kuandikia muziki, kama vile herufi zilivyo alama za kuandikia maneno. Kwaya nyingi za Afrika Mashariki, na za Afrika ya Kusini pia, huandika nyimbo zao kwa herufi za do, re, mi. Opera huandikwa kwa vitone juu ya mistari mitano. Anayejua kusoma vitone hivyo aweza kuimba wimbo ambao hajapata kuusikia, sawasawa na ninyi mnavyoweza sasa kusoma barua ambayo hamkusomewa na mtu.

Mwimbaji wa opera hatumii kipaza sauti. Husimama mbele ya kundi kubwa la wapigaji fidla, filimbi na tarumbeta, na sauti yake lazima imfikie mtu aliyeketi kiti cha mwisho kabisa. Huwezaje? Kupiga makelele hakusaidii, maana anayepiga makelele hupata koo bovu kabla ya saa moja kwisha. Siri ya kwanza ni pumzi. Chini ya mapafu kuna msuli mpana, na mwimbaji hufundishwa kuutumia ili pumzi itoke kidogo kidogo, bila kumwagika yote mara moja. Siri ya pili ni kinywa na koo. Hizi huwa kama tumbo la ngoma: zikifunguliwa vizuri, sauti ndogo huwa kubwa. Kooni mna nyuzi mbili za sauti. Mwanamke akiimba nota za juu sana, nyuzi hizo hukutana na kuachana zaidi ya mara 1,000 kwa kila sekunde. Kuzitawala ni kazi ya miaka mingi.

Basi, tuone Bibi Yende alivyofika huko.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1985 katika mji wa Piet Retief, ambao sasa huitwa eMkhondo, karibu na mpaka wa Eswatini. Alikulia katika mtaa wa Waafrika uitwao Thandukukhanya. Kwa Kizulu, lugha ya nyumbani kwake, maana yake ni "penda nuru". Alianza kuimba nyumbani na kanisani tangu utotoni, kama watoto wengi wa huko, maana Afrika ya Kusini ni nchi ya kwaya.

Lakini mwaka aliozaliwa, nchi ile ilikuwa bado chini ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Sheria ziliwatenga watu katika makao, katika shule na hata katika starehe. Jumba kubwa la opera la Cape Town lilipofunguliwa mwaka 1971, lilikuwa la Wazungu peke yao, na watu wa rangi nyingine waliruhusiwa kuingia mwaka 1975 tu. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulifanywa mwaka 1994, Bibi Yende alipokuwa mtoto wa miaka 9. Kabla ya hapo, sauti nyingi nzuri zilizaliwa zikafa bila kupata mwalimu. Mtu aweza kuwa na mbegu njema mkononi, lakini akinyimwa shamba hatavuna.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, Bibi Yende alikuwa akitazama televisheni nyumbani. Likaonyeshwa tangazo la kampuni moja ya ndege. Ndani ya tangazo lile waliimba wanawake wawili kwa sauti ambazo hajapata kuzisikia maishani mwake. Wimbo ule hutoka katika opera iitwayo Lakmé, iliyotungwa na Mfaransa Léo Delibes, ikachezwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1883. Yeye hakujua hayo hata kidogo. Alijua tu kwamba amesikia jambo kubwa.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu wake shuleni akamwuliza: kitu kile ni nini? Mwalimu akamjibu kwamba huitwa opera. Akauliza tena kama kweli mwanadamu aweza kuimba hivyo. Mwalimu akasema ndiyo, aweza.

Hapa tusimame kidogo. Msichana huyu alikuwa amekusudia kusomea kazi ya hesabu za fedha. Tangazo lile lilionekana na watu wengi sana, wakasikia sauti zile zile, kisha wakaendelea na chakula chao. Yeye alikwenda kuuliza. Watu wazima wengi huona haya kuuliza, maana wanaogopa kuchekwa. Lakini aulizaye swali huwa mjinga kwa dakika moja, na asiyeuliza hubaki na ujinga wake hata kaburini. Ninyi mliokuja darasani mlikwisha shinda haya hiyo siku ile mlipoandikisha majina yenu.

Bibi Yende akaenda kusoma muziki katika Chuo Kikuu cha Cape Town, katika chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1910. Mwalimu wake wa uimbaji alikuwa Profesa Virginia Davids. Baadaye akaenda Milan, Italia, akasoma katika chuo cha jumba la La Scala. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1778, na wapenzi wa opera hulihesabu miongoni mwa majumba makuu ya dunia.

Huenda mtu akauliza: mwenye sauti nzuri tayari hujifunza nini miaka yote hiyo? Hebu tuangalie kazi ya mwimbaji anapopewa opera mpya.

Kwanza huchukua kitabu na kusoma maneno peke yake, bila kuimba. Opera nyingi zimeandikwa kwa Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani. Mwimbaji hutafuta maana ya kila neno, maana hawezi kulia machozi kwa neno asilolielewa. Pili hujifunza kutamka silabi moja moja, kama vile ninyi mlivyoanza na ba, be, bi, bo, bu. Tatu hupiga makofi au hugonga meza ili ajifunze mwendo wa muziki, wapi pana haraka na wapi pana pole. Nne huunganisha maneno na nota. Tano huimba na mwalimu apigaye piano, na mwalimu humkatiza kila anapokosea. Sita hufunga kitabu, kwa sababu jukwaani haruhusiwi kushika karatasi. Opera moja huchukua saa mbili, tatu au zaidi, na yote lazima yawe kichwani.

Mmesikia? Kazi yote huanza na kusoma. Mtu mwenye sauti tamu lakini asiyejua kusoma maneno wala nota atangoja daima mwingine amwimbie kwanza ili aige. Bibi Yende hakuzaliwa akijua Kiitaliano wala Kifaransa. Alijifunza akiwa mtu mzima.

Faida ya kazi hiyo ilionekana upesi. Mwaka 2009 aliingia mashindano ya Belvedere mjini Vienna, Austria, akashinda tuzo ya kwanza katika kila sehemu ya mashindano. Kabla yake hakuna aliyepata kufanya hivyo. Mwaka 2011 akaenda Moscow katika mashindano ya Operalia, yaliyoanzishwa na mwimbaji wa Kihispania Plácido Domingo mwaka 1993. Huko nako alipata tuzo ya kwanza ya wanawake.

Sasa tufike New York, Marekani, katika jumba la Metropolitan. Jumba la sasa lilifunguliwa mwaka 1966, na lina viti karibu 3,800. Kabla yake lilikuwako jumba la zamani. Katika jumba lile la zamani, tarehe 7 Januari 1955, Bibi Marian Anderson alikuwa mwimbaji mweusi wa kwanza kuimba opera ya Metropolitan. Siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 57. Sauti yake ilikuwa imesifiwa Ulaya na Marekani kwa miaka zaidi ya ishirini, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1961 akafuata Bibi Leontyne Price. Bibi Yende alipofika, njia ilikuwa imekwisha fyekwa na hao waliomtangulia.

Alifika kwa ghafula. Mwezi wa Januari 1913 ulikuwa umepita miaka 100. Ilikuwa Januari 2013. Jumba la Metropolitan lilikuwa likicheza opera ya Mwitaliano Rossini iitwayo Le Comte Ory, ambayo huimbwa kwa Kifaransa. Mwimbaji aliyepangiwa sehemu ya bibi mkubwa wa ngome hakuweza kuendelea, wakamwita Bibi Yende. Sehemu ile hakuijua. Alipewa muda wa juma moja tu. Mtu ambaye angehitaji kufundishwa kwa kuimbiwa asingeweza. Yeye alifungua kitabu akasoma.

Usiku wenyewe ukafika. Pazia likafunguliwa, na zamu yake ya kutokea mbele ya watu ikawadia. Wahenga husema kujikwaa si kuanguka. Yeye alijikwaa na akaanguka pia, mbele ya watu wote, kabla hajaimba nota yake ya kwanza!

Fikirini wenyewe. Angeweza kukimbilia nyuma ya pazia. Angeweza kulia. Yeye aliinuka akaimba. Alipomaliza, watu walimpigia makofi kwa nguvu, na magazeti ya New York yakaandika habari zake. Maguu yalimpotea kwa dakika moja, lakini kazi ya miaka mingi haikumpotea. Mambo aliyoyajua yalikuwa kichwani na katika pumzi yake, hayakudondoka sakafuni pamoja naye. Mwaka huo huo, 2013, serikali ya Afrika ya Kusini ilimpa nishani ya Ikhamanga, ambayo hupewa watu waliofanya vizuri katika sanaa, muziki, uandishi na michezo.

Tangu hapo aliimba mahali pengi. Mwaka 2016 aliimba Paris katika opera ya Lucia di Lammermoor, habari za msichana anayelazimishwa na kaka yake kuolewa na mtu asiyempenda, hata akarukwa na akili. Mwaka 2019 aliimba tena Paris, katika La traviata ya mtungaji Verdi. Lakini nataka niwasimulieni zaidi opera moja aliyoiimba Metropolitan mwaka 2018, kwa sababu inatuhusu sisi wa madarasa haya.

Opera hiyo huitwa L'elisir d'amore, yaani Dawa ya Mapenzi. Ilitungwa na Donizetti, ikachezwa mara ya kwanza Milan mwaka 1832. Mambo yake hutokea kijijini. Yuko bibi mmoja mwenye shamba, jina lake Adina. Yuko kijana maskini, Nemorino, ambaye anampenda Adina lakini hathubutu kusema. Mchezo unapoanza, Adina ameketi na kitabu mkononi. Anasoma na kucheka, kisha anawasomea wanakijiji hadithi iliyomo. Nemorino anamtazama kwa mbali. Anasikitika akisema moyoni kwamba mwanamke huyu anasoma na kujifunza na kujua kila kitu, na yeye ni mjinga tu, ajuaye kuvuta pumzi za huzuni.

Mara anapita mganga mwongo akiuza chupa za dawa. Nemorino anamwuliza kama anayo dawa ya kupendwa. Mganga anamwuzia chupa ya divai ya kawaida, naye anatoa fedha yake yote. Baadaye anataka chupa ya pili, lakini hana fedha. Sajini wa jeshi anamwambia: jiandikishe uwe askari, nitakupa fedha papo hapo. Bei yake ni skudi 20, fedha ya zamani ya Italia. Karatasi inaletwa. Nemorino haandiki jina lake. Anatia alama ya msalaba, anachukua fedha, basi amekwisha jiuza.

Wasikilizaji huchekeshwa na mchezo huu, na muziki wake ni wa furaha. Lakini mtu aliyepata kutia dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma hatacheka sana hapo. Anajua moyo unavyodunda wakati ule. Karatasi ya deni, ya shamba, ya kazi ya mbali: wangapi walitia alama, kisha wakaambiwa baadaye ni nini walichokubali?

Tena angalieni jambo la pili. Opera hii haimdharau Nemorino. Mwishoni Adina anasikia kwamba kijana yule amejiuza kwa ajili yake. Anaona haya kwa jinsi alivyomcheka. Anakwenda kwa sajini, anainunua ile karatasi, anamrudishia Nemorino mkononi, na kumwambia kwamba anampenda. Anayejua kusoma ndiye anayejifunza hapo, maana moyo wa Nemorino ulikuwa mwema kupita kitabu chake. Kwa hiyo, ninyi ambao mtakwenda nyumbani mkijua kusoma, msiwacheke waliobaki. Karatasi zao wasomeeni.

Sehemu ya Adina ndiyo aliyoiimba Bibi Yende. Msichana wa Thandukukhanya, ambaye zamani hakujua hata jina la kitu alichokisikia katika televisheni, alisimama mbele ya maelfu ya watu akiwa ndiye msomaji wa kijiji. Tarehe 10 Februari 2018 mchezo huo ulipelekwa pia katika sinema za nchi nyingi wakati ule ule ulipokuwa ukichezwa.

Jambo la mwisho ni la mwaka 2023. Tarehe 6 Mei, Mfalme Charles wa Tatu alitawazwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Bibi Yende aliimba katika sherehe hiyo wimbo mpya uliotungwa na Bibi Sarah Class, Mwingereza. Alivaa gauni la rangi ya manjano. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuimba peke yake katika kutawazwa kwa mfalme wa Uingereza.

Sasa turudi kwa swali letu. Je, mwimbaji mkubwa huzaliwa au hufunzwa? Sauti ya Bibi Yende alipewa na Mungu. Hakuna mwalimu awezaye kudai kwamba aliifanya. Lakini sauti hiyo alikuwa nayo hata usiku ule alipotazama televisheni, na wakati ule isingeweza kuimba hata ukurasa mmoja wa Rossini. Kilichoongezwa ni swali lake, mwalimu aliyemjibu, shule iliyofunguliwa kwa watu wote, na kazi ya kila siku. Kikikosekana kimoja katika hivyo, leo tusingekuwa na somo hili.

Wapo watakaosema: yeye alianza akiwa na miaka 16, mimi nina 50. Ni kweli, na sitawadanganyeni kwamba mtu wa miaka 50 ataanza leo akaimba Metropolitan. Lakini kusoma mkataba, kuandika jina lako, kusoma barua ya mwanao bila kumwita jirani, kushika kitabu cha nyimbo kanisani au kitabu cha dini nyumbani na kufuata mstari kwa macho yako mwenyewe, hayo hayana umri. Bibi Anderson alipita mlango wa Metropolitan akiwa na miaka 57.

MASWALI

Jibuni kwa maandishi. Jibu moja lisizidi mistari mitatu.

1. Opera ni nini? Taja tofauti moja baina ya opera na uimbaji wa kawaida.

2. Bibi Yende alimwuliza mwalimu wake mambo gani mawili?

3. Kwa nini aliweza kujifunza sehemu ya opera katika juma moja?

4. Nemorino alitia alama gani katika karatasi ya jeshi, na alipata fedha kiasi gani?

5. Swali la kuzungumza darasani: Je, uliwahi kutia alama katika karatasi usiyoweza kuisoma? Kama hutaki kusimulia habari zako, msikilize mwenzako.

Kazi ya nyumbani: Andika jina lako kamili mara kumi, polepole, kwa mkono mmoja na kwa namna moja, mpaka liwe sahihi yako. Lilete katika somo lijalo.